Niliua kazi ya mwenzangu: historia ya amri ya kukatisha

Mwaka juzi, kwenye saa nane za usiku, niliua kazi iliyokuwa imekwenda siku 11. Haikuwa kazi yangu. Ilikuwa ya dada mmoja wa maabara yetu anayesoma shahada ya uzamivu, na alikuwa anaifundisha programu yake kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia picha za majani. Mimi nilikuwa na programu yangu iliyokwama na kumeza kumbukumbu yote ya seva. Kwa kuwa ndiye niliyekabidhiwa kuisimamia seva ile, nilikuwa nimeingia kwa akaunti ya mkuu wa mfumo, ile inayoitwa root. Nikaandika amri ya killall, nikaitajia jina la python, nikabonyeza Enter. Akilini mwangu nilikuwa naua python yangu. Mashine ikaelewa: ua kila python iliyomo humu ndani.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye kundi letu: "Jamani, umeme ulikatika usiku?"

Niliuangalia muda mrefu kabla ya kujibu. "Hapana dada. Ni mimi."

Tangu siku ile nimekuwa najiuliza kwa nini kompyuta ilinikubalia bila hata kuniuliza kama nina uhakika. Simu yako inakuuliza mara mbili kabla ya kufuta picha moja ya chakula. Seva ya mamilioni ikafuta siku 11 za mtu kwa kufumba na kufumbua. Nilipoanza kuchimba nikakuta kwamba swali hilo lina umri wa miaka sitini na kitu, na kwamba watu waliolijibu mwanzoni walikuwa wamesimama mbele ya mashine zilizojaza chumba kizima.

Opereta na saa ya ukutani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakukuwa na ugomvi wa nani aue kazi ya nani, kwa sababu mashine ilikuwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Unaandikisha jina kwenye daftari la zamu, saa yako ikifika unaingia na kadi zako zilizotobolewa, unakaa mbele ya konsoli, yaani ile meza ya taa na swichi ya kuiongozea mashine. Programu ikigoma unaisimamisha mwenyewe. Ukikuna kichwa, mashine nayo inakusubiri ukune kichwa.

Wenye mashine hawakupenda hilo hata kidogo, maana zilikodishwa kwa maelfu ya dola kila mwezi. Mwaka 1956 wataalamu wa General Motors na North American Aviation waliandika programu ya kuiongoza IBM 704 ipokee kazi moja baada ya nyingine bila kumngoja mtu. Huyo ni babu wa mifumo endeshi yote unayoijua. Na kwa jinsi mtindo huo ulivyoenea, mwandishi wa programu akatolewa chumbani. Akawa anakabidhi kadi zake dirishani, anarudi kesho yake kuchukua karatasi za majibu. Ndani akabaki opereta.

Sasa jiweke kwenye viatu vya huyo opereta. Kazi imeanza, taa zinawaka, dakika zinakwenda. Kazi nyingine 40 zinangoja kwenye foleni. Hii iliyomo ndani inahesabu kweli, au imeingia kwenye mzunguko usio na mwisho na inarudia jambo lilelile kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa? Huwezi kujua kwa kuitazama. Na sio kwamba hukusoma vya kutosha: kazi ya Alan Turing ya mwaka 1936 ilikuwa imeshaonyesha kuwa hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuichunguza programu yoyote ile na kutamka kwa uhakika kama itafika mwisho au haitafika. Hesabu yenyewe imekataa. Opereta anabaki na saa ya ukutani, uzoefu wake, na makadirio ya muda ambayo mwenye kazi aliyaandika alipoileta.

Nalipenda sana jambo hili, na nadhani vitabu vyetu vya darasani vinalipita haraka mno. Tunafundishwa tatizo la Turing kama fumbo la ubaoni. Kumbe kulikuwa na watu wanalipwa mshahara kulikisia jibu lake, usiku kucha, kazi moja baada ya nyingine, na wakikosea mtu anapoteza siku.

IBM ilipotangaza System/360, tarehe 7 Aprili 1964, mfumo endeshi wake mkubwa, OS/360, uliliweka jukumu hilo kwenye amri rasmi. Konsoli ilikuwa kitu kinachofanana na taipureta: unapiga herufi, na mashine nayo inakujibu kwa kuchapa kwenye karatasi hiyohiyo. Opereta aliandika DISPLAY kuona kazi zipi zimo ndani, kisha CANCEL na jina la kazi. Basi. Mwenye kazi alipokuja dirishani alikuta kwenye karatasi zake namba 222, ambayo maana yake ni kwamba kazi yako imekatishwa na opereta. Kama opereta alikuwa mtu mwema, aliongeza neno DUMP kwenye amri, na namba ikawa 122: kazi imekatishwa, lakini yaliyokuwemo kwenye kumbukumbu yake yamechapwa yote, ukae nayo utafute kosa. Kama ulizidisha muda ulioomba, mfumo ulikukata wenyewe na kukuachia 322.

Zitazame tena namba hizo. Namba 322 inamaanisha ulivunja ahadi yako mwenyewe. Namba 222 inamaanisha mtu fulani aliamua. Wahandisi wa IBM waliona ni muhimu mwenye kazi ajue tofauti hiyo, aweze kurudi dirishani kuuliza ni nani na kwa nini. Mashine za ukoo huo bado zinafanya kazi kwenye mabenki makubwa duniani, na namba ni zilezile.

Kila mtu na terminali yake

Huko MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuwa wanakwenda njia nyingine. Novemba 1961 walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja na terminali yake. Mashine ilimpa huyu punje ya sekunde, ikamgeukia yule, ikarudi. Hapo kazi ikageuka kuwa kikao: unaingia kwa jina lako, unafanya mambo yako, unatoka. Na ukiona programu yako imepotea njia, unaikatisha mwenyewe ulipoketi, bila kumpigia opereta magoti.

Mfumo wa DEC kwa mashine zake kubwa za miaka ya 1960 ulichagua Ctrl na C, ambayo hadi leo wewe unaibonyeza bila kufikiri. Herufi ile ni namba 3 kwenye orodha ya ASCII, na kazi yake ya asili ilikuwa kuashiria mwisho wa maandishi. Ajabu ni kwamba Unix ya mwanzo haikuitumia. Ilitumia kitufe cha DEL, na Ctrl-C ilikuja kuzoeleka baadaye kupitia Unix ya Berkeley.

Ni kwenye Unix, iliyoandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell, ndipo lugha ilipobadilika. IBM walisema "katisha". Unix ikasema kill, "ua". Lakini jina linadanganya. Amri hiyo haiui chochote kwa mkono wake. Inatuma ishara tu, na kila ishara ina namba. Ishara ya 2 ni ile ya kitufe cha kukatiza. Ishara ya 15, ambayo imo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979, ni ombi: tafadhali maliza, funga faili zako, uondoke. Programu inaweza kuipokea na kujiandaa, na inaweza hata kuipuuza. Ishara ya 9 haiombi. Programu haiioni kabisa ikija. Kiini cha mfumo kinaiondoa tu, na kilichokuwa hakijaandikwa kwenye diski kimekwenda na maji.

Ishara ya 1 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wewe msomaji wa huku kwetu utaielewa upesi. Inaitwa ishara ya kukata simu. Enzi hizo terminali ziliunganishwa kwa laini ya simu. Simu ikikatika, mfumo ulihesabu kuwa mwenye kikao ameondoka, ukatuma ishara ya 1 kwa programu za kikao chake, na zisipokuwa zimejiandaa, zinakufa zote. Leo hakuna mtu anayepiga simu, lakini bando likiisha ukiwa umeunganishwa na seva ya mbali, au umeme ukikatika na ruta ikazimika, ni ishara ileile ya 1 inayokuja kuua hesabu zako. Kama umewahi kuwekewa nohup mbele ya amri na mtu mzoefu bila kuelezwa kwa nini, sababu ndiyo hiyo: inaiambia programu isiisikie simu inapokatwa.

Na ruhusa je? Unix iliweka sheria fupi: unaweza kutuma ishara kwa michakato yako tu. Ya mwenzako huigusi. Isipokuwa kama wewe ni root. Root anapita popote, na haulizwi kitu, kwa sababu mfumo unachukulia kwamba aliyepewa funguo anajua anachokifanya. Hilo ndilo jibu la swali langu la usiku ule, na silioni kuwa jibu baya. Ni jibu la watu wachache waliokuwa jengo moja wakifahamiana. Sisi tumelirithi jibu bila kulirithi jengo.

Walikuwepo waliokwenda mbali zaidi ya hapo. Kwenye maabara ya akili bandia ya MIT kulikuwa na mfumo ulioitwa ITS, ambao mwanzoni haukuwa na nywila wala kuta kati ya mtu na mtu. Steven Levy anasimulia kwenye kitabu chake Hackers, cha mwaka 1984, kwamba vijana walikuwa wanaona fahari kuangusha mifumo ya kompyuta, basi waandishi wa ITS wakaweka amri ya wazi ya kuangusha mfumo mzima, ambayo yeyote aliweza kuiandika. Utamu ukaisha. Nani atajisifu kwa kufungua mlango usio na kufuli? Mimi nilipoisoma nilicheka, kisha nikajiuliza maabara yetu ingekaa siku ngapi na amri kama hiyo.

Tukiwa hapo nikutahadharishe kuhusu killall, maana yangu ilikuwa afadhali. Kwenye Linux inaua kwa jina, kama nilivyofanya. Kwenye Solaris amri yenye jina hilohilo haijali jina. Inaua michakato yote, kwa kuwa ilitengenezwa kutumika wakati wa kuizima mashine. Ukiwa umezoea Linux, ukajikuta siku moja ni root kwenye mashine ya Solaris, utajifunza tofauti hiyo mara moja tu.

Kufa bila hasara

Kuna mahali pamoja ambapo kuua kazi zilizo njiani kuliokoa safari, na hapo hakukuwa na opereta kabisa. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wanashuka kuelekea kwenye uso wa mwezi. Rada waliyokuwa hawaihitaji kwa wakati ule ilikuwa inaitumia kompyuta ujumbe usio na maana, na kuila zaidi ya asilimia 10 ya muda wake. Kompyuta ile iligawa shughuli zake kwa kazi zenye vipaumbele, na kila kazi ilihitaji nafasi kwenye kumbukumbu. Nafasi zikajaa. Kwenye kidirisha cha namba ikawaka 1202.

Ilichofanya mashine baada ya hapo ndicho kinachonigusa. Ilizifuta kazi zote zilizokuwa zinaendelea. Zote kabisa, ikiwemo ya kuongoza injini. Halafu, kwa haraka ambayo chombo hakikupata nafasi ya kuyumba, ikazianzisha upya zile za lazima tu, na ikaziacha zile za ziada kama ya kuonyesha namba ambazo Aldrin alikuwa ameziomba. Tahadhari ya aina hiyo ilitokea mara 5 wakati wa kushuka, nne za 1202 na moja ya 1201, na bado wakatua.

Iliwezekanaje? Kwa sababu timu ya MIT iliyoandika programu zile, ambayo Margaret Hamilton alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilikuwa imejenga kila kazi muhimu iwe inajiwekea alama ya ilipofika. Ikikatwa, inaendelea kutoka kwenye alama, haianzi mwanzo. Waliandika kila kazi wakijua kuwa inaweza kuuawa sekunde yoyote.

Kinyume chake kipo pia. Fikiria programu inayohamisha shilingi 50,000 kutoka akaunti yako kwenda kwa mama yako. Imeshatoa kwako, haijaweka kwake. Ukiikata hapo katikati, pesa iko wapi? Hifadhidata za kisasa hujilinda kwa kuandika daftari la kila hatua kabla ya kuitekeleza, ili jambo lililoishia njiani lirudishwe nyuma. Mfumo wa IBM uitwao MVS, wa mwaka 1974 na vizazi vyake, ulijilinda kwa njia nyingine: baadhi ya kazi zinakataa kukatishwa. Opereta akiandika CANCEL, au CANCEL U= pamoja na jina la mtumiaji ili kukata kikao cha mtu, anaweza kujibiwa kwamba kazi hii haikatishiki, tumia FORCE. Na FORCE haipokelewi kabla hujajaribu CANCEL kwanza. Mfumo unakulazimisha uombe kwa adabu kabla ya kutumia nguvu, na miongozo yake inaonya kuwa nguvu hiyo ni ya mwisho kabisa, maana unaweza kuishia kuiwasha mashine nzima upya.

Klasta za utafiti za leo zinafuata adabu hiyo pia. Slurm, mfumo wa kupanga kazi ulioanzia maabara ya Lawrence Livermore mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiuamuru ukatishe kazi hutuma ishara ya 15 kwanza, husubiri sekunde 30 kwa kawaida, ndipo hutuma ya 9. Sekunde 30 ni chache. Ila zinatosha kuandika faili moja kwenye diski, kama mwenye programu alikumbuka kuiambia programu yake iandike.

Ya dada yule haikuwa imeambiwa. Killall yangu, kwa kuwa sikuiwekea namba, ilituma ishara ya 15, yaani lile ombi la adabu. Python isipofundishwa la kufanya na ishara hiyo, inakufa palepale. Yeye alikuwa amepanga matokeo yote yahifadhiwe mwishoni. Kwa hiyo lawama tungeweza kugawana, na watu wawili watatu pale maabara walijaribu kunifariji hivyo. Sikukubali. Yeye alikosea kwenye programu yake mwenyewe. Mimi nilikosea kwenye ya mwenzangu, nikiwa nimeshika funguo nilizopewa ili niilinde.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, ungeniuliza," na hilo lilikaa tumboni kuliko kelele. Ile kazi aliianza upya siku hiyohiyo mchana, na wasilisho lake likasogezwa mbele kwa wiki mbili.

Tuliyobadilisha ni madogo. Siingii tena kama root kufanya kazi zangu. Kabla ya kuua chochote naorodhesha kwanza na kusoma safu ya mwenye mchakato, kwa sauti, kama mwendawazimu. Kwenye kundi tuna desturi kwamba anayetaka kukatisha kazi ya mwingine anamtaja mwenyewe na kungoja jibu, na mashine ikizidiwa kabisa usiku tunapigiana simu. Na dada akaongeza mistari kumi na kitu kwenye programu yake: inahifadhi ilipofika kila baada ya saa moja, na ikipokea ishara ya 15 inahifadhi kwanza.

Mwezi uliopita aliniita mezani kwake. "Njoo uiue," akasema. Nikamuuliza ana uhakika? Akanisogezea kibodi. Nikaangalia namba ya mchakato, nikaangalia jina la mwenyewe, nikaandika kill na namba ile, nikabonyeza. Kwenye skrini ukatokea mstari aliokuwa ameuandika yeye mwenyewe: "Subiri kidogo, naweka vitu vyangu." Sekunde nne. Kisha ikazima. Akaiwasha tena, na ikaendelea na picha iliyokuwa inafuata.